Chagua kazi itakayokurudisha pale pale

Mtu akiniuliza aanzie wapi kwenye shughuli za shirika la amana ya ardhi, simpeleki kwanza kwenye matembezi ya kuongozwa, ingawa ndiyo hutangazwa zaidi. Namwambia aipitie ratiba, atafute kazi inayofanyika eneo lile lile mwezi baada ya mwezi, halafu ajiandikishe kwa hiyo. Matembezi ni mazuri na nimeyafurahia mengi, lakini unapita, unaonyeshwa, unaondoka. Ardhi unaijua ukiizoea: mti upi huwahi kuchanua, maji hutuama wapi, na ndege gani msimu huu hasikiki pale alipozoea kuimba.

Kwa asiyeyafahamu mashirika haya, kazi yao ni kuilinda ardhi isikatwekatwe viwanja na isijengwe. Hufanya hivyo kwa njia mbili. Ama shirika linanunua ardhi, au kupewa, na kuwa mmiliki. Ama mwenye ardhi anabaki na hati yake lakini anatia saini makubaliano ya kisheria kwamba eneo halitagawanywa wala msitu wake kufyekwa. Masharti hayo huifuata ardhi hata ikiuzwa au ikirithiwa. Shirika la Trustees of Reservations la Massachusetts, Marekani, lililotokana na wazo la msanifu wa mandhari Charles Eliot, lilianza kwa njia ile ya kwanza mwaka 1891. Miaka 4 baadaye ikaundwa National Trust ya Uingereza, na ardhi yake ya kwanza ilikuwa Dinas Oleu, ubavu wa kilima unaotazama bahari huko Wales, ekari kama 4 na nusu tu, zawadi ya mama mmoja aliyeitwa Fanny Talbot. Kenya nayo iliyapa nafasi masharti ya uhifadhi yanayofungamana na ardhi katika sheria yake ya mazingira ya mwaka 1999. Zile ekari za Wales huwa nazitaja kila ninapoweza, maana watu wengi wanadhani uhifadhi ni wa mbuga kubwa, na kwamba kijisitu cha nyuma ya shule hakihesabiki.

Sasa tuje kwenye kazi zenyewe. Ikibidi nipendekeze moja, ni kung'oa mimea vamizi. Haivutii kwenye tangazo, na siku ya kwanza mgongo utauma, lakini hakuna kazi inayokufundisha mimea haraka kama hiyo, kwa sababu kabla hujang'oa ni lazima uwe na hakika unang'oa nini. Chukua lantana. Asili yake ni maeneo ya joto ya bara la Amerika, ikasambazwa kama ua la bustani, na leo inasumbua Afrika, India na Australia. Shina lake lina pembe nne na vimiba vilivyopinda. Jani lake linakwaruza kama msasa, na ukilifikicha linatoa harufu kali inayokaa vidoleni. Tazama kichala cha maua: ya katikati mara nyingi ni ya njano, ya pembeni yamekwisha geuka rangi ya chungwa au waridi, kwa kuwa ua hubadilika rangi kadiri linavyozeeka. Ndege hula matunda yake meusi na kuzipeleka mbegu kila wanapotua.

Ukiikata juu juu, umeipogoa tu; itachipua tena, na safari hii kwa wingi. Sisi hupunguza matawi kwanza ili tukifikie kitako, kisha tunachimba mpaka kitako kitoke na mizizi yake mikubwa, halafu tunakiacha kimepinduliwa, mizizi juu, kisiguse udongo. Kazi hii ifanywe baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Vaa glavu nene na mikono mirefu. Na msifyeke eneo zima kwa siku moja, hata kama watu wapo wengi na ari ipo. Ndege na wanyama wadogo wanajificha humo humo, na mkiwaondolea kila kitu kwa mpigo hawana pa kwenda. Endeni kipande kwa kipande, na kila kipande kipandwe miti ya asili ya pale pale.

Kinachowavunja watu moyo ni kinachofuata. Mwanga ukishafika ardhini, mbegu zilizolala zinaamka, na baada ya muda mfupi pale mlipopaacha peupe panajaa miche. Wengi huona kazi imeharibika, wasirudi. Ukweli ni kwamba huo ndio wakati kazi inapokuwa rahisi: mche wa urefu wa kidole unatoka kwa kuvutwa na vidole viwili, mzizi mzima. Watu wachache wanaorudi katika kipindi hicho wanafanya makubwa kuliko umati wa siku ya uzinduzi. Mashirika yanalijua hili, ila picha ya watu wawili waliopiga magoti wakivuta miche haitumwi kwa wafadhili, na mimi naona ingestahili kutumwa.

Kazi ya pili ninayoipenda ni kupima afya ya mto kwa wadudu wake. Unaingia sehemu yenye maji yanayokwenda kasi kidogo, unaweka wavu upande wa chini, unainua jiwe na kulisugua taratibu ili wadudu waingie wavuni, kisha unawamwaga kwenye beseni jeupe lenye maji. Mwanzoni utaona uchafu tu. Subiri. Baada ya dakika moja uchafu unaanza kutembea. Ukiona mdudu mwenye mikia mitatu myembamba na vijani vidogo ubavuni vinavyopepea, ambavyo ndivyo anavyopumulia, furahi: jamii yake kwa kawaida haivumilii maji machafu. Ukikuta viluwiluwi vyekundu vya mbu wasiouma na ruba peke yao, kuna tatizo, mara nyingi upungufu wa oksijeni. Faida ya njia hii ni kwamba kipimo cha kemikali kinaeleza maji ya saa ile, wakati mdudu ameishi humo wiki au miezi, na uchafu uliopita usiku angeushuhudia. Afrika Kusini wamewatengenezea wananchi mbinu ya kutoa alama kwa makundi ya wadudu, inaitwa miniSASS, na si ngumu kujifunza. Jiwe lirudishe lilivyokuwa, upande wa chini ubaki chini, maana wengine wameng'ang'ania hapo.

Kuhesabu ndege sitakueleza kwa kirefu, kwa sababu kila shirika lina utaratibu wake. Kanuni ni kusimama mahali pale pale, saa ile ile, kwa muda ule ule. Mwaka 1900 mtaalamu wa ndege Frank Chapman aliwaomba Wamarekani waache mashindano ya kuwapiga ndege risasi siku ya Krismasi na badala yake wawahesabu. Waliitika watu 27. Hesabu hiyo inaendelea hadi leo, na uzito wake unatokana na kutokukatika. Kama huwezi kuamka alfajiri, usijilazimishe. Chagua kazi nyingine.

Ukiwa na watoto, ulizia usiku wa nondo. Shuka jeupe linatundikwa kati ya miti, taa inawashwa mbele yake, na watu wanangoja. Watoto ambao mchana hawatulii nimewaona wamesimama kimya mbele ya shuka, pua zao karibu ziguse nondo mwenye mabawa yaliyochorwa macho. Wakumbushe wasiwaguse, na taa izimwe mapema ili wadudu waende zao.

Ipo pia kazi ambayo haitangazwi kabisa, nayo ni kukagua mipaka. Ardhi iliyo chini ya makubaliano inatakiwa kutembelewa, kwa desturi angalau mara moja kwa mwaka, kuhakikisha hakuna ukuta mpya, barabara wala miti iliyokatwa kinyume cha masharti. Unapewa ramani na picha za zamani, unasimama kwenye alama ile ile aliyosimama aliyekutangulia, unailinganisha picha na unachokiona, kisha unapiga yako. Ukweli wa makubaliano unategemea miguu ya anayekwenda kuangalia, kwa hiyo ukiwa mtulivu na makini, jitolee.

Picha zako mwenyewe unaweza kuziweka kwenye iNaturalist, mtandao ambako watu husaidiana kutambua mimea na wanyama kwa picha, ila ukikutana na kiota, okidi adimu au mnyama anayewindwa, ficha mahali ulipompata. Jani, shina na ua piga kila kimoja peke yake. Picha ya kichaka kizima haimsaidii anayetaka kukutajia jina.

Kabla hujajifunga na shirika lolote, muulize msimamizi kuhusu majirani. Nani walikuwa wakipitisha mifugo hapa, nani walichuma dawa, nani walichota maji, na sasa wanapata wapi? Sikiliza jibu kwa makini. Kwenye mashirika ninayoyaamini, majirani hao ndio wanaoongoza matembezi na ndio wenye majina ya mimea vinywani. Nikikuta siku za kujitolea zimejaa wageni watupu na wenyeji wako nje ya uzio wanatazama, nauliza sababu waziwazi, na nakushauri nawe uulize.

Kisha mwambie siku unazoweza kuja kweli, hata kama ni Jumamosi moja kwa mwezi, na umwombe akupe kipande chako.