Usisaini nyumba ya "shule ya 9" kabla hujaona mstari wa mtoto wako

Dada, usisaini. Nimesoma mpaka pale dalali anapokuambia uharakishe kwa sababu "hiyo ni shule ya 9, nyumba zake hazikai", nikaona siwezi kupita kimya. Kwa wanaoingia sasa: dada yetu yuko Marekani, mwanawe anaingia darasa la tatu na Kiingereza bado kinampiga chenga. Ana nyumba mbili mkononi. Moja iko eneo la shule yenye alama 9 kati ya 10, nyingine ni ya kodi nafuu, eneo la shule yenye 4. Anauliza achukue ipi.

Sisi tulichukua ya 9. Dalali aliyetupeleka ni mtu wa nyumbani kabisa, wa shikamoo na marahaba, akaapa kwamba tukiikosa tutakuwa tumemnyima mtoto maisha. Tukasaini mwaka mzima kwa kodi iliyokuwa inameza karibu kila tulichopata. Mpaka leo nikimkumbuka napandwa na hasira, kwa sababu kazi yake ilikuwa kujua, na kama hajui basi angekaa kimya.

Ile 9 inatoka wapi? Kwa sehemu kubwa inajengwa na matokeo ya mitihani. Sheria ya taifa inataka watoto wapimwe kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Shule ya msingi ikiishia la tano, unachokiona ni matokeo ya madarasa matatu tu. Na mtoto wa darasa la tatu anaingia kwenye mtihani na kila alichopata tangu azaliwe: vitabu vya nyumbani, chekechea ya kulipia, mzazi mwenye muda wa kumsomea. Ripoti ya Coleman, utafiti mkubwa wa shule za Marekani, ilishaonyesha tangu 1966 kwamba tofauti za matokeo zinafuata sana hali ya familia. Kwa hiyo wastani unakuambia zaidi nani anaishi mtaa ule. Mwalimu amemsogeza mtoto kiasi gani, wastani haukwambii.

Cha kutazama ni ukuaji, yaani mtoto alikuwa wapi mwaka jana na sasa yuko wapi. Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford alichambua matokeo ya wilaya za shule za nchi nzima, na Chicago, wilaya yenye watoto wengi maskini na wastani wa chini, ikaonekana watoto wake kati ya darasa la tatu na la nane wanajifunza kiasi cha miaka sita ndani ya miaka mitano. Ukiangalia wastani peke yake ungeikimbia.

Sasa sikiliza kilichotuumiza hasa. Sheria ya elimu ya 2015 inalazimisha kila shule iwe na ripoti ya wazi, matokeo yamegawanywa kwa makundi: rangi, kipato, ulemavu, wanaojifunza Kiingereza. Nilikuja kuifungua mkataba ukiwa umeshasainiwa. Nikashuka na kidole: wanafunzi wote, asilimia ya kupendeza, Wazungu, inapendeza zaidi, Waasia, vilevile. Nikafika "wanaojifunza Kiingereza": hakuna namba, kuna kinyota. Chini kabisa, kwa herufi za kubania macho, wameandika kwamba kundi ni dogo mno kutangazwa.

Kinyota kile ndicho kilichokuwa mwanangu. Watoto wa aina yake walikuwa wachache kiasi kwamba mwalimu wa ESL, yaani wa kufundisha Kiingereza watoto wasiokijua, aligawanywa kati ya shule kadhaa. Zamu ya shule yetu ikifika, alimtoa mwanangu darasani akamfundishia kwenye meza ndogo ya korido, pembeni ya mashine ya fotokopi, watu wakipita na karatasi zao. Mwalimu wa darasa alikuwa mtu mwema, ila hakuwa amezoea mtoto asiyeelewa maelekezo. Mtoto akajifunza kutikisa kichwa kila anapoulizwa kama ameelewa. Mtoto wa rafiki yetu, aliyefika nchini karibu wakati mmoja na wetu, alikuwa kwenye shule ya alama ya chini yenye wageni wengi, mwalimu wa ESL anakaa ndani ya darasa lake. Yule akaanza kuandika aya nzima huku wetu bado anatikisa kichwa. Na kuhama hatukuweza, mkataba umetushika koo.

Jambo jingine la kukufumbua macho. Sheria ya makazi ya 1968 inamkataza dalali kukuelekeza mtaa kwa kufuata rangi ya wakazi. Kwa hiyo anakutajia namba ya shule, na namba inabeba ujumbe uleule bila yeye kutaja rangi ya mtu.

Ukikuta shule ya 4 imeandikwa kwamba watoto wote wanakula bure, usishtuke. Tangu 2014 shule yenye angalau asilimia 40 ya watoto waliotambuliwa kupitia misaada ya serikali iliruhusiwa kulisha wote bila fomu, na 2023 kiwango kikashushwa hadi 25. Haimaanishi wote ni maskini.

Sisemi kimbilia ya 4. Ikiwa ukuaji wake nao uko chini, iache. Ila fungua ripoti zote mbili, tafuta ukuaji, kisha tafuta mstari wa wanaojifunza Kiingereza. Matokeo ya mtihani kwenye mstari huo huonekana ya chini, maana mtoto akishakimudu Kiingereza hatimaye anatolewa kwenye kundi. Kwa hiyo tafuta pia kipimo cha maendeleo ya lugha, kila jimbo linatakiwa kukitoa. Halafu piga simu shule zote mbili uulize: mwalimu wa ESL yupo hapo kila siku, au anazunguka?

Dalali akikwambia nyumba itachukuliwa kesho, mwache aichukue anayetaka. Weka hapa majina ya shule zote mbili leo, nitazifungua ripoti mwenyewe tuzisome pamoja kabla hujashika kalamu.