Barua kwa mwanangu: doa la zambarau kwenye kadi ya Killebrew

Mwanangu mpendwa,

Barua yako ilinifikia Jumamosi, nikaisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa haraka, ili nijue kama mko wazima, na mara ya pili polepole, ili nijue unaniuliza nini. Unasema umepata mtu anayetaka kuununua mkusanyiko wako wote wa sahihi, za wachezaji wa besiboli waliostaafu na za wale waliopigana vita, lakini amesita kwa sababu ya kadi moja tu, ile ya Harmon Killebrew, mpigaji wa zamani wa besiboli, yenye doa la zambarau pembeni. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikizipeleka bahasha zako posta, unaniuliza kama kadi ile ni halisi.

Ni halisi. Ningeweza kuishia hapo na kukuombea heri, lakini swali lako limenikosesha usingizi siku tatu, na mama yako, kama unavyojua, akikosa usingizi huandika.

Mnunuzi wako hana kosa kuwa na shaka. Miaka ile ile uliyokuwa ukikusanya, FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilikuwa ikiwasaka waliokuwa wakighushi sahihi za wachezaji na kuziuza madukani, na miongoni mwa vitu vilivyokamatwa ulikuwamo mpira wa besiboli wenye sahihi ya Mama Teresa. Nilicheka siku niliposikia habari hiyo, kisha nikajiuliza ni mtu wa namna gani aliyekaa na kalamu yake akafikiri kwamba yule mtawa wa Calcutta angeombwa atie sahihi kwenye mpira. Lakini zako hazikununuliwa dukani. Zilirudi nyumbani kwetu Brooklyn Park, Minnesota, ndani ya bahasha ulizoziandika anwani kwa mkono wako mwenyewe, na kila moja ina muhuri wa posta wa mji ilikotoka na tarehe yake. Bahasha hizo sikuzitupa. Siwezi kukuapia kwamba hakuna mzee aliyemwachia mkewe au karani wake amtilie sahihi, kwa maana hilo hutokea, lakini kwa Killebrew sina wasiwasi.

Unakumbuka jinsi ulivyoanza. Kiangazi cha 1998 Marekani nzima ilikuwa ikiwahesabia wapigaji McGwire na Sosa mipira waliyoipiga nje ya uwanja, nawe ukawaandikia wachezaji wa siku hizo barua ambazo hazikujibiwa hata moja. Mwaka uliofuata ukagundua kwamba wastaafu hujibu. Ukawa unatia ndani ya bahasha barua ya ukurasa mmoja, bahasha ya pili yenye anwani yetu na stempu ya senti 33, na kadi mbili nyeupe, moja ya kutiwa sahihi na nyingine ya akiba iwapo mkono wa mzee utateleza. Nilikulazimisha kuandika upya kila ukurasa uliofutwafutwa, na nilikukataza kuomba sahihi kabla ya kumjulia mtu hali na kumwuliza swali moja la kweli kuhusu maisha yake. Ulinuna, ukasema kwamba watoto wengine hawafanyi hivyo. Lakini majibu yalikuja, na Bob Feller alikuwa miongoni mwa waliojibu upesi, yule aliyejiandikisha jeshi la majini siku moja tu baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, akapoteza karibu misimu minne ya mchezo wake akiwa baharini katika manowari iitwayo Alabama. Naona unaniambia kuwa sahihi yake haina bei kubwa kwa sababu alizitia nyingi mno. Hayo ndiyo yanayonishinda katika soko lenu: aliyewakarimu watu huwa rahisi, na aliyewanyima huwa ghali.

Nirudi kwa Killebrew. Nilikupeleka Bloomington, kwenye lile jumba kubwa la maduka lililojengwa mahali palipokuwa uwanja wa zamani, tukasimama kukitazama kiti chekundu kilichotundikwa juu kabisa ukutani, kuonyesha mahali ulipoangukia mpira alioupiga tarehe 3 Juni 1967, futi 520 kutoka alipokuwa amesimama. Watu walipita chini yake na mifuko ya viatu na hakuna aliyeinua kichwa. Wewe ulikitazama kama mtu anayeutazama mwezi mwandamo. Mimi nilikuja kumpenda mzee yule kwa sababu nyingine: aliwahimiza wachezaji vijana wa timu yake ya zamani waandike majina yao yasomeke, kwa maana aliyeomba sahihi anastahili kujua ni ya nani. Unajua imani yangu katika jambo hili, maana nimeirudia hadi mkaichoka: jina liandikwe lisomeke. Mtu anayekupa kiwimbi cha wino badala ya jina lake ni kama anayekuamkia huku amekupa kisogo. Na kadi ile, mwanangu, inasomeka herufi kwa herufi.

Hata pale nilipokuwa nikifanya kazi za usiku, katika ile nyumba ya wazee, niliilinda imani hiyo. Haikuruhusiwa sisi wafanyakazi kuwaomba wakazi chochote, kwa hiyo nilikuwa nawaomba watoto wao, nao wanawaomba. Yuko mmoja aliyepigana katika Bahari ya Pasifiki, ambaye wakati huo alikuwa amelisahau jina la binti yake mwenyewe. Alipopewa kadi yako aliandika jina lake kwa mwandiko wa mtoto wa shule, na chini yake, bila kuulizwa, akaandika namba yake ya jeshi, tarakimu zote, bila kusita. Binti yake alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Kadi hiyo unayo, na kama mnunuzi wako ataiita ya mtu asiye na jina, basi sina la kumwambia.

Ninachotaka kukuambia kinahusu kuomba kwa wakati. Leon Day, mrushaji mahiri wa ligi za watu weusi, alitua Normandia mwaka 1944 na kikosi cha weusi watupu, na Septemba 1945 alirusha mpira Nuremberg, katika uwanja uleule waliotumia vijana wa Hitler, timu yake ikashinda. Walimchagua kuingia katika Jumba la Heshima la besiboli tarehe 7 Machi 1995, naye akafariki tarehe 13 mwezi huohuo. Siku sita! Buck O'Neil, ambaye naye alilitumikia jeshi la majini, alikosa kuchaguliwa mwaka 2006, na bado alikwenda Cooperstown, mji lilipo jumba hilo, kuwasemea wenzake 17 waliochaguliwa siku hiyo, wote wakiwa wamekwisha kufa. Yeye mwenyewe akafa kabla mwaka haujaisha, na alichaguliwa mwaka 2021. Mimi huona haya kwa niaba ya waliopiga kura. Lakini ninapofika hapo mdomo wangu hufunga, kwa sababu na sisi tuna ya kwetu.

Umekwisha kujua ninakokwenda. Baada ya kuwaandikia wapiganaji wa Kimarekani miezi kadhaa, ulinijia jikoni ukasema, kama aliyeokota kitu, kwamba babu wa Muheza naye alikuwa askari. Niliona fahari ambayo sikujua kama ninayo. Babu yako alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akaenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita Bonde la Kabaw katika masika yaliyokuwa yakizamisha nyumbu hadi tumboni, mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin. Aliporudi hakuna aliyemwuliza kitu. Mimi mwanawe sikumwuliza. Nilizoea kuiona nishani yake ikining'inia ndani ya kabati karibu na miavuli, nikidhani ni sehemu ya kabati. Kwa hiyo nilikutafsiria barua yako kwa Kiswahili kizuri, tukaituma kama kawaida: kadi mbili na bahasha ya kujibia yenye stempu ya Marekani, nasi wote wawili, mtoto na mama mtu mzima, hatukukumbuka kwamba stempu ya Marekani haifai kitu Muheza.

Jibu lilichukua wiki saba. Stempu yako hakuibandua. Alinunua za kwake akazibandika kando yake, zikawa zimepangana kama wageni wawili wasiojuana. Ndani mlikuwa na barua iliyoandikwa na mwalimu wa shule ya jirani, na kadi ya kwanza ikiwa na alama ya dole gumba katikati, kwa wino wa zambarau wa kibweta cha muhuri wa ofisi ya kijiji. Mwalimu aliandika kwamba mzee anasema hiyo ndiyo sahihi aliyoitia siku alipoandikishwa na siku alipotolewa jeshini, na hana nyingine. Kadi ya pili aliirudisha tupu, pamoja na ombi: amesikia mjukuu wake ana mwandiko mzuri na anakusanya sahihi za wazee, basi naye angependa kuwa na sahihi ya mjukuu.

Ulisema, "Lakini Mama, hakutia sahihi." Ukaitia kadi ile katika sanduku la viatu, pamoja na bahasha zilizorudi bila kufunguliwa.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Hilo nimejiambia mara nyingi kuliko unavyodhani. Mtoto wa umri huo hujua kilichomo ndani ya albamu na kisichomo, na ni mimi niliyekufundisha kwamba jina lisilosomeka si heshima, nawe ulinitii. Lakini kisha najijibu kwamba mimi nilikuwa na miaka thelathini na saba, nilisoma barua ile kabla yako, nililijua ombi lake, na nilikuwa natoka kazini alfajiri nikisema nitakukumbusha kesho. Halafu najijibu tena kwamba hata mtu wa miaka kumi na mmoja anaweza kuandika jina lake mara moja. Unaona jinsi ninavyozunguka. Mwezi mmoja baadaye kadi zilikuishia, nawe hukutaka kungoja hadi tuende dukani, ukaichukua ile tupu ya babu yako, ambayo wino wa dole gumba lake ulikuwa umeigusa pembeni ndani ya bahasha, ukamtumia Killebrew. Nilikuona ukiitia katika bahasha. Nilifikiri nitasema neno, nikaufunga mfuko wangu wa chakula nikaenda kazini.

Babu yako alifariki mwaka 2001. Shangazi yako aliniambia kwamba alikuwa akiulizia posta, ingawa si kwa kulalamika. Alikuwa akiulizia kama mtu anayeulizia mvua.

Hukuniuliza kama uuze au usiuze, na nimejizuia ukurasa mzima nisikujibu. Ni mali yako, umeitolea jasho, na ada ya shule ya mjukuu wangu hailipwi kwa kumbukumbu. Nina maoni, unayajua, na ukiniuliza waziwazi nitakupa. Kadi yenye dole gumba haimo katika albamu zako wala usiitafute katika sanduku la viatu. Niliitoa humo mwaka ule wa msiba na iko ndani ya msahafu wangu. Hiyo si ya kuuzwa, na sidhani kama kuna anayeitaka.

Bahasha ya Killebrew nitaipekua kesho katika zile nilizozihifadhi nikutumie, muhuri wake unasomeka vizuri. Na mtu wako akikuuliza lile doa limetoka wapi, mweleze yote ukipenda. Usipopenda, mwambie ni wino wa muhuri, nayo pia ni kweli.

Msalimie mkeo na watoto.

Mama yako