Je, watoto watazame katuni za propaganda za vita?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mwanangu wa miaka 12 ameipata katuni ya Kijapani ya mwaka 1945 kuhusu Momotaro na wanyama wanajeshi, naye anataka kuitazama pamoja na mdogo wake wa miaka 6. Nimesikia ilitengenezwa kuchochea vita. Niwazuie? – Mama wa wawili, Morogoro

JIBU: Mama, mkubwa mruhusu, ila uketi naye, mdogo asubiri kwanza. Filamu hiyo ya dakika 74, iliyoongozwa na Mitsuyo Seo kwa agizo la Wizara ya Jeshi la Majini, ndiyo katuni ndefu ya kwanza ya Japani. Momotaro, ambaye katika hekaya alizaliwa ndani ya tunda la pichi na akaenda kuyashinda mazimwi kisiwani, humo amevishwa sare ya kamanda, na mahali pa mazimwi wamewekwa Waingereza.

Wazazi wengi huhofia milio ya bunduki, lakini mimi nahofia zaidi sehemu ya shule. Wanyama wa kisiwa kilichotekwa wanafundishwa silabi za Kijapani, darasa linavurugika, kisha unaanza wimbo wa a-i-u-e-o na wote wanaimba kwa furaha. Michoro inapendeza kwelikweli, na wimbo ni mtamu kiasi kwamba mtazamaji husahau kwamba wenye kisiwa hawakuulizwa lolote. Simamisha filamu hapo, umuulize mwanao nani aliwaita walimu hao, na wanyama hao walikuwa wakizungumza lugha gani kabla ya meli kufika. Mpe nafasi ajibu mwenyewe, hata akikawia. Mwambie pia kwamba vita hivyo havikuwa vya mbali na kwetu, maana askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kutoka Afrika Mashariki walipigana na Wajapani huko Burma mwaka 1944.

Karibu na mwisho, wanyama wadogo wanacheza mchezo wa askari wa miavuli, wakirukia ramani ya Marekani iliyochorwa ardhini. Usiiruke sehemu hiyo. Mweleze kwamba mchezo huo ulibuniwa ili mtoto wa rika lake atamani kwenda vitani, na kwamba filamu ilipotoka, Aprili 1945, watoto wengi wa shule za miji mikubwa ya Japani walikuwa wamekwisha kuhamishiwa vijijini kukwepa mabomu. Huyo wa miaka 6 atavutiwa na wimbo tu. Ataitazama atakapoweza kulijibu swali la walimu.