Gemu inakwama? Pima kabla ya kwenda Kariakoo

Wengi wanaoniletea kompyuta hapa Sinza huwa wameshajiamulia: kadi ya picha imechoka, wanatafuta nyingine. Mimi huwauliza kwanza, inaanza kukwama lini?

Kama gemu inateleza vizuri mwanzoni, halafu baada ya robo saa fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zinaporomoka na hazipandi tena, nashuku joto. Januari Dar chumba kisicho na kiyoyozi kinapita nyuzi 30 kirahisi, na vumbi letu mnalijua. Prosesa nyingi za Intel zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Fungua kava, puliza vumbi huku umeshika feni isizunguke, na kama pasta ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa imekauka, paka mpya. Laptop itoe kitandani, godoro linaziba matundu ya hewa.

Kama inakwama tangu mwanzo, weka programu ya MSI Afterburner. Ni ya bure, na inakuonyesha namba juu ya gemu ukiwa unacheza. Kadi ikikaa asilimia 97 hadi 99 huku fremu ni chache, kweli imefika mwisho wake. Ikiwa inacheza kwenye asilimia 60 na hujaweka kikomo cha fremu, basi inamsubiri mwingine, mara nyingi prosesa. Hakikisha kwa kushusha rizolusheni (wingi wa nukta za picha) kutoka 1080p hadi 720p: fremu zisipopanda, kadi mpya haitakusaidia kitu. Na asilimia ya jumla ya prosesa isikudanganye. Yenye koa (core, vitengo vya kazi ndani ya prosesa) nane inaweza kusoma 20 tu huku koa moja imejaa pomoni.

Kuna vya bure pia, nashangaa vinavyosahaulika. Waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi, inavyotakiwa, au kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta)? Laptop iko kwenye chaji? Umeme ukikatika ikahamia betri, kasi hushuka, hiyo si ugonjwa. RAM ya kipande kimoja nayo hubana, hasa kwa mashine isiyo na kadi yake ya picha; ongeza kipande cha pili kinachofanana nacho.

Ikithibitika ni kadi, soma wati za pawasaplai yako kama zinaitosha kadi mpya, kabla hujatoa hela. Ukinunua iliyotumika, mwambie muuzaji aendeshe gemu nusu saa mbele yako. Akianza visingizio, maduka yako mengi mtaa huohuo.