Kuunguruma kwa gari likiwa limesimama asubuhi ndiko kunakokula petroli

Ndugu, umeuliza kama kupasha gari moto dakika 20 asubuhi kabla ya kusambaza vifurushi hapo Minneapolis, mji wa baridi kali Marekani, kunasaidia. Hapana, hapo ndipo petroli yako inapoishia. Kwangua barafu kwenye vioo kwanza, ndipo uwashe. Subiri nusu dakika hadi moja, uondoke bila kukanyaga sana mafuta. Injini hupata moto upesi zaidi ikiwa barabarani. Baridi ikizidi, chomeka hita ya injini (kifaa cha umeme cha kupasha injini) kwa taima, yaani swichi ya saa, iwake muda wa saa mbili kabla ya kutoka. Kuiacha usiku kucha ni kuunguza umeme bure.

Upepo wa tairi upime zikiwa baridi: kila nyuzi 10 za Farenhaiti zikishuka, upepo hupungua karibu psi 1 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi). Jaza kwa kufuata kipimo kilicho kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, siyo namba ya ubavuni mwa tairi.