Kitabu cha Mwongozo Nairobi: Kiamini kwa Majengo, Kitilie Shaka kwa Steji

Ukikishika dukani kitabu cha mwongozo wa Nairobi, usianze na picha za twiga. Fungua ule ukurasa wa mbele wenye maandishi madogo, utafute mwaka wa toleo, kisha utoe mwaka mmoja au miwili, kwa kuwa mwandishi alizunguka mjini muda mrefu kabla kitabu hakijachapwa. Toleo la kabla ya 2017 linunue kwa bei ya mtumba tu, ulisome kwa ajili ya historia. Mwaka huo mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na treni ya Madaraka Express ikaanza safari za Mombasa.

Hiyo treni ndiyo inayowaumiza watu. Vitabu vya zamani vinamwelekeza msafiri kwenye stesheni ya kale karibu na Haile Selassie Avenue, na treni ya Mombasa haiondoki tena hapo. Inaondokea Syokimau, nje ya jiji, na foleni ya Mombasa Road haina huruma. Aliyefika stesheni ya kale nusu saa kabla ya safari ameshaachwa. Kata tiketi mapema kwa simu, beba kitambulisho au pasipoti ileile uliyokatia, na uwe Syokimau saa nzima kabla, maana mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, kisha ipite kwenye mashine. Ipo treni ya mjini inayotoka stesheni ya kale kwenda huko. Ulizia ratiba yake siku moja kabla.

Kwa majengo, kitabu hakikuangushi. KICC, lile jumba la mikutano lenye ghorofa 28 lililokamilika 1973, haihami. Maktaba ya McMillan ya 1931 bado iko Banda Street, jirani na Msikiti wa Jamia. Eneo lililozungukwa na Uhuru Highway, University Way, Moi Avenue na Haile Selassie unaweza kulimaliza kwa miguu: kutoka Archives, jumba la nyaraka za taifa, hadi KICC hata robo saa haifiki.

Tatizo ni pale ramani inapoishia. Nyingi hukata mji Tom Mboya Street, kana kwamba ng'ambo ni bahari. Ng'ambo ndiko kuna River Road, Accra Road na Nyamakima, yanakopakia magari ya kwenda bara. Msomaji wa Ulaya huenda asifike huko. Wewe unayetaka gari la Nakuru au Meru utafika.

Halafu kuna suala la majina. Kitabu kinaandika mitaa. Nairobi huelekezana kwa steji, yaani vituo vya matatu, na kwa majengo. Uliza Latema Road, mtu atakunja uso. Sema Odeon, atakuonyesha kwa kidevu, ingawa Odeon ilikuwa sinema. Kabla ya kutoka, chukua penseli uandike kwenye ramani: Kencom, Ambassadeur, Odeon, Khoja, Afya Centre, Railways. Steji zenyewe zimehamishwa mara nyingi, kwa hiyo shika namba ya njia ya gari kwanza: 46 ni Kawangware, 111 ni Ngong, 125 na 126 ni Rongai. Mahali inapopakia muulize muuza magazeti au askari wa mlangoni. Manamba, yule anayeita abiria, atakuonyesha gari lake.

Nauli iliyochapwa ifute kabisa. Hupanda mvua ikinyesha, na jioni watu wakitoka kazini. Uliza "ni ngapi?" ukiwa bado chini, na uwe na noti za hamsini na mia, kwani chenji ya elfu moja inaweza kukupitisha kituo chako.

Viingilio navyo huandikwa kwa dola, bei ya mgeni kutoka mbali. Makumbusho ya Taifa na mbuga zina viwango tofauti kwa raia na wakazi, na Mwafrika Mashariki mara nyingi hulipa kidogo kuliko alivyosoma. Lakini bila kitambulisho mkononi utahesabiwa mgeni. Mbuga ya Nairobi malipo ni ya mtandaoni, pesa taslimu hazipokelewi langoni, na tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani. Kama huna gari, usitegemee kuizunguka kwa miguu. Nenda Safari Walk, sehemu ya kutazama wanyama kwa miguu, kando ya lango kuu la Langata Road. Magari ya Rongai hupita hapo.

Kitabu chenyewe kiache chumbani. Piga picha ukurasa wa ramani na ule wa sehemu unayoendea siku hiyo, basi. Kulifungua jitabu zima kwenye kona ya Moi Avenue ni kutangaza kwamba wewe ni mgeni, na simu iliyonyooshwa mkononi pembeni mwa barabara hunyakuliwa upesi. Ukitaka kutazama ramani, ingia dukani kwanza.