Kimya cha Seva Si Kifo

Wadogo zangu wa chumba cha seva, leo ni habari ya seva pacha: masta akifa, msaidizi ashike anwani ya pamoja wanayoifuata wateja. Nimeikuta tena `virtual_router_id 51`, namba inayotambulisha kundi la seva hizo. Klasta (kundi la seva) mpya, VLAN (kipande cha mtandao) ileile ya zamani yenye 51 tayari, na hiyo 51 imenakiliwa kutoka kwenye mfano wa Keepalived, programu inayohamisha anwani hiyo, pamoja na nywila yake ya 1111. Makundi mawili yenye namba moja yanagongana. Namba zipo kuanzia 1 hadi 255, wala hazilipiwi. Haya, tuanze.

1. Pingi haitoshi. Inakwambia mashine inaitikia, basi. Ulizeni huduma yenyewe, kwa njia anayopita mteja. Ila msipitilize: ukaguzi wa HAProxy (mgawa maombi kwa seva za wavuti) ukifika hadi kwenye hifadhidata, siku hifadhidata ikilala seva zote za wavuti zinaondolewa kwa mpigo mmoja.

2. Pigeni hesabu ya `weight`, pointi ambazo skripti ya ukaguzi humpunguzia seva huduma yake ikifa; mwenye pointi nyingi ndiye hushika anwani. Masta ana 100, msaidizi 90, skripti inapunguza 5. Huduma imekufa, masta kabaki na 95, anwani haihami ng'o. Mmoja wenu akanijibu, "Lakini skripti inafanya kazi, bosi." Inafanya, mdogo wangu. Inafanya vizuri sana.

3. Ruhusuni VRRP, njia ambayo masta humtangazia msaidizi kuwa yuko hai, kwenye fayawoli (ukuta wa ulinzi wa mtandao). Ni protokali namba 112, haina poti, kwa hiyo acheni kuitafuta kwenye orodha ya poti.

Hili nimelilipia. Nilikuwa na seva mbili za mafaili, DRBD ikinakili data kati yake, na skripti ya Keepalived ikimpandisha kuwa mkuu yeyote aliyeshika anwani ya pamoja. Ijumaa jioni, kila mtu keshaondoka, nikaamua kukaza fayawoli. Nikafungua poti za wateja, nikafunga mengine yote, nikawasha upya seva moja baada ya nyingine kuhakikisha sheria zinadumu. Nikaenda zangu nyumbani nikijisifu. Kumbe nimeziba VRRP na DRBD kwa pamoja. Kwa kawaida masta hutangaza uhai wake kila sekunde moja. Msaidizi akikosa kusikia kwa sekunde tatu na ushee, anajitawaza. Akajitawaza. Wahenga wanasema mafahari wawili hawakai zizi moja; hawa wangu walikaa, tena kwa amani, kila mmoja akipokea mafaili yake. Skrini ya ufuatiliaji ilikuwa kijani tupu, maana ilikuwa inapingi anwani ya pamoja, na aliyeitikia alikuwa yeyote kati yao.

Jumatatu dada wa uhasibu akaniuliza kwa upole faili alilohifadhi Jumamosi limekwenda wapi. Nikafungua fayawoli, DRBD ikakataa kuunganisha: chagua upande mmoja utupwe. Amri yenyewe ina maneno `--discard-my-data`, na mkono ulinitetemeka kuyaandika. Kwanza nilikesha nikilinganisha folda za pande mbili, faili kwa faili, na bado kuna kazi ya watu iliyopotea. Bosi hakunifokea. Afadhali angefoka.

Msidhani ni ushamba wangu tu. Tarehe 21 Oktoba 2018, GitHub walikuwa wanabadilisha kifaa cha mtandao wa nyuzi, mawasiliano na kituo chao cha data cha mashariki mwa Marekani yakakatika kwa sekunde 43. Orchestrator, programu inayosimamia hifadhidata zao, ikapandisha hifadhidata za MySQL za magharibi kuwa kuu. Kila upande ukawa na maandishi ambayo mwenzake hana, na huduma ikayumba kwa saa 24 na dakika 11.

4. `stonith-enabled=false`, yaani kuacha kumzima mwenzako kabla ya kumrithi, ni ya mafunzoni. Seva mbili hazina akidi (wingi wa kura) ya maana. Wekeni ya tatu ipige kura, na IPMI (kidhibiti cha kuzima seva kwa mbali) iliyojaribiwa, ili anayechukua usukani amzime mwenzake kwanza ndipo aguse diski.

5. `nopreempt` (usimnyang'anye aliyeshika), na zote zianze BACKUP, yaani kama msaidizi. Mgonjwa aliyeamka sasa hivi asinyang'anye anwani.

6. Jaribuni. Alhamisi saa nne asubuhi, watumiaji wakiwa wameshaarifiwa, tunachomoa waya wa umeme wa masta. Sikusema `systemctl stop`, amri ya kusimamisha huduma kwa upole, nimesema waya. Atakayechomoa ni yule aliyeitetea skripti ya 95.